Kiharusi: kazi inaanza mgonjwa akishatoka wodini

Karatasi ya ruhusa ya mgonjwa wa kiharusi huwa fupi. Ina majina ya dawa za presha, tarehe ya kurudi kliniki, na chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, maneno "aendelee na mazoezi". Dawa zinaeleweka, tarehe inaeleweka. Lakini mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na nani amshike mtu ambaye hata kugeuka kitandani hawezi, hapo karatasi imenyamaza. Familia inakodi gari, mgonjwa anabebwa hadi sebuleni, majirani wanakuja kutoa pole, na kesho yake asubuhi wenye nyumba wanatazamana.

Tuseme nyumba hiyo iko Makambako, mkoani Njombe. Ni mji wa njia panda: barabara ya Iringa na Mbeya inakutana hapa na ile ya kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita papo hapo tangu miaka ya 1970. Kwa mwenye afya, ni mji rahisi kufikika katika Nyanda za Juu Kusini. Kwa aliyepooza upande mmoja, ramani inabadilika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Njombe, kilomita 60 hivi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 150. Ilembula, hospitali ya Walutheri, iko Wanging'ombe. Ikonda, ya Wakonsolata, iko kule milimani Makete. Kwenye basi dogo hawezi kupanda, kwenye bodaboda hawezi kukaa, kwa hiyo gari zima likodiwe na watu wawili wa kumbeba waache shamba kutwa nzima. Yote hayo kwa nusu saa ya mazoezi. Mara ya kwanza wanakwenda, ya pili wanakwenda, ya tatu wanakopa. Baada ya hapo mgonjwa anabaki nyumbani, na kwenye daftari la kliniki anaandikwa kuwa ameacha tiba.

Hajaacha tiba. Tiba ndiyo iliyowekwa mahali asipoweza kufika.

Ugonjwa wenyewe hauna ugeni kwetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi chache za Afrika zilizowahi kuhesabu kiharusi mitaani na vijijini badala ya kusubiri wanaofika hospitali. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 kundi la watafiti lililoongozwa na daktari Mwingereza, Richard Walker, pamoja na wenzake wa Kitanzania, lilifuatilia wakazi wa wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na wa sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Walipata wagonjwa 636. Tofauti za umri zilipokwisha kurekebishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 109 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Hiyo ya Dar es Salaam ilizidi takwimu za nchi nyingi tajiri, na hapo ndipo ilipokufa ile hadithi kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na wazee wenye vitambi.

Mwaka 2013 watafiti haohao walichapisha matokeo kuhusu vinavyoongeza hatari. Walitaja shinikizo la damu, sigara, lehemu na ugonjwa wa moyo, mambo ambayo kila muuguzi anayajua. Walitaja pia maambukizi ya VVU, na hapo Njombe inapaswa kusoma mara mbili. Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023, mkoa huu ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini: asilimia 12.7 ya watu wazima. Hii ina maana kwamba baadhi ya wanaopata kiharusi huku ni watu wa miaka 40 na kitu, wenye watoto shuleni na mashamba ya viazi yanayowategemea.

Lakini VVU viliiachia Njombe jambo jingine, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Mkoa huu unajua kuuguza nyumbani. Ulijifunza kwa lazima, wakati wodi zilipojaa na dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika. Watu wa kawaida, wengi wao wanawake, walipewa mafunzo na begi la vifaa, wakaanza kupita mlango kwa mlango: kuosha vidonda, kumgeuza mgonjwa, kuhesabu vidonge, kukaa na mtu aliyekata tamaa. Vituo vya tiba na matunzo vilipoanza, haohao wakawa ndio wa kumtafuta aliyepotea kliniki na kujua kahamia kijiji gani. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki na vikundi vya akina mama wa kanisa la Kilutheri (KKKT) walikuwa tayari na zamu za kutembelea wagonjwa. Kila anachohitaji mgonjwa wa kiharusi katika miezi mitatu ya mwanzo kinafanana na hicho: mtu anayepita mlangoni, anayejua cha kutazama, na anayerudi wiki ijayo.

Miezi hiyo mitatu naitaja kwa sababu maalumu. Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Kinachotokea ni kwamba sehemu zilizosalia zinajifunza kazi ya zile zilizoondoka, na kujifunza huko ni kwepesi zaidi katika wiki na miezi ya kwanza. Baadaye kunaendelea, ila polepole. Na ubongo haujifunzi kwa kutazama mkono ukinyooshwa na mtu mwingine. Unajifunza mwenye mkono anapojaribu mwenyewe, anashindwa, anajaribu tena, mara nyingi kuchosha, kitendo ambacho kina maana kwake.

Huko Alabama, Marekani, mtafiti Edward Taub alilifikisha wazo hili mwisho wake: aliufunga mkono mzima ili ule dhaifu usiwe na pa kukimbilia. Njia hiyo haimfai kila mtu. Lazima kiganja na vidole viwe na uhai kidogo. Ila msingi wake unaingia katika nyumba yoyote ya Njombe bila umeme wala mashine.

Chukua beseni la viazi. Mgonjwa amekaa mezani, miguu yote miwili imekanyaga chini, mkono uliopooza uko juu ya meza na si mapajani. Mwanzoni mkono huo haumenyi chochote. Kazi yake ni kukishikilia kiazi kisizunguke wakati mkono mzima unapitisha kisu. Kiazi kinateleza, kinaanguka, kinaokotwa. Kushikilia tu kunahitaji bega litulie, kiwiko kiegemee, vidole vijikunje kwa nguvu inayotosha na isizidi. Wiki zikipita anapewa gunzi la mahindi apukuchue, na hapo kidole gumba kinasukuma punje, kinahama, kinasukuma tena. Mwisho kabisa ni kuchambua maharage, kuokota kijiwe kati ya punje, kazi ya ncha za vidole ambayo hata wenye afya wanaivalia miwani. Mtaalamu wa fiziotherapia akiingia nyumba hiyo hana haja ya kuleta mpira wa kuminya. Anachohitaji ni kujua nani kati ya wanafamilia anamenya viazi saa ngapi, na kumwambia huyo amwachie mgonjwa vile vitano vya mwisho.

Kusimama nako ni vivyo hivyo. Zoezi lenye faida kubwa ni la kuinuka kitini na kukaa tena. Kiti kiinuliwe kwanza kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, maana kiti kirefu ni chepesi kuinukia, kisha vipande vipunguzwe kimoja kimoja kadiri mapaja yanavyopata nguvu. Miguu irudi nyuma kidogo chini ya magoti, kifua kiiname mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo makalio yaachane na kiti. Wengi hukosea hapo kwa kumvuta mgonjwa juu wima. Akivutwa wima anaogopa, anajisukuma nyuma, na mvutaji anaumia mgongo. Mara kumi kabla ya chai, mara kumi kabla ya ugali wa mchana, mara kumi jioni. Ratiba inafuata chakula kwa sababu chakula hakisahauliki, ilhali saa ya ukutani watu huisahau.

Na huu ni mkoa wa mbao. Mtu anayekwenda Njombe kutoka Makambako hawezi kukosa kuona malori ya mbao na marundo ya nguzo, na hakuna kijiji kisicho na seremala. Vyuma viwili vya kujishikia wakati wa kujifunza kutembea, ambavyo hospitali huagiza kwa fedha nyingi, vinaweza kuwa mirunda miwili iliyopigiliwa kwenye vigingi uani, kwa urefu wa nyonga, imepigwa randa isiache vibanzi. Wazo hilo halikuanzia hapa. David Werner, yuleyule wa kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari ambacho zahanati nyingi za vijijini zinakijua, aliandika mwaka 1987 kitabu kizima kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kutokana na kazi yake Mexico, chenye michoro ya vifaa vya namna hiyo. Huku kwetu kipo kituo cha Inuka cha Wanging'ombe, chini ya Jimbo Katoliki la Njombe, ambacho kimefanya kazi ya utengamao hasa kwa watoto wenye ulemavu. Ujuzi wa kumpimia mtu kiti kinacholingana na mwili wake umeshafika mkoani. Kilichobaki ni kuufikisha kwa watu wazima.

Choo ndicho kinachovunja heshima ya mtu kuliko kutotembea. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliingia vijijini kwa redio na vikundi vya kusikiliza, na wananchi wakachimba vyoo vya shimo kwa mamia ya maelfu. Ulikuwa ushindi mkubwa wa afya ya jamii. Lakini choo kile ni cha kuchuchumaa, na mwenye kiharusi hawezi kuchuchumaa. Akithubutu, anaanguka upande uliopooza na nyonga inavunjika. Ndiyo maana wengi wanawekewa ndoo chumbani, miaka na miaka, huku wakipunguza kula na kunywa ili wasiwasumbue watu. Dawa yake ni kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kinachowekwa juu ya tundu, pamoja na fito mbili za kujishikia ukutani na changarawe kwenye kile kinjia chenye utelezi wakati wa masika. Fundi wa kijiji anakimaliza kwa siku moja. Sijui kwa nini kiti hiki hakiandikwi kwenye karatasi ya ruhusa sambamba na vidonge.

Kuna mambo ya huku ambayo kitabu kilichoandikwa kwingine hakiwezi kuyajua. La kwanza ni baridi. Juni na Julai Njombe inauma, na misuli iliyokakamaa kwa kiharusi inakaza zaidi kwenye baridi. Kwa huruma kabisa, familia inamsogeza mgonjwa karibu na jiko la mkaa au inamwekea chupa ya maji ya moto miguuni. Mguu uliopoteza hisia hauambii mwenyewe kwamba unaungua. Kidonda kinagunduliwa asubuhi, na kidonda hicho kinachelewesha kutembea kwa miezi. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha linaua hata wazima. Soksi nene, blanketi, jua la saa nne uani, na kuusugua mguu kwa mikono mikavu vinatosha.

La pili ni bega. Mgonjwa akiinuliwa kwa kuvutwa mkono uliopooza au kushikwa kwapani, kiungo cha bega ambacho hakina tena misuli ya kukishikilia kinaachia. Maumivu yake humfanya akatae mazoezi yote, hata ya mguu. Ashikwe kiunoni, kwa mkanda au kitenge kilichokunjwa na kufungwa imara. Mkono uegemezwe kwenye mto anapokaa.

La tatu ni mezani. Mgonjwa anayepaliwa kila anapokunywa anaweza kuwa anapitisha chai kwenye mapafu, na homa ya mapafu huwaua wengi waliokwisha kunusurika kiharusi chenyewe. Maji na chai ni vigumu kumeza kuliko uji mzito. Akae wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mara anapomaliza. Kisha kuna suala la mkono wa kulia. Mzee aliyepooza kulia anaona aibu kumega ugali kwa kushoto mbele za watu, basi watu wanamlisha. Kulishwa ni upendo, na ni njia ya haraka ya kuusahaulisha mkono kazi yake. Akate tonge kwa kulia hata kama nusu inaanguka, amalizie kwa kushoto, na wenzake mezani watazame sahani zao.

La nne ni nani amwogeshe. Hapa wapangaji wa huduma hawaingii kabisa. Katika nyumba nyingi za huku anayebaki nyumbani mchana ni mkamwana, na mkamwana hamwogeshi baba mkwe. Hata kumshika kiunoni amsimamishe ni mtihani. Mtaalamu anayefundisha "mlezi" bila kuuliza undugu anafundisha mtu ambaye hataruhusiwa kufanya alichofundishwa. Afadhali atafutwe mjukuu wa kiume, au mdogo wa mgonjwa, hata kama atapatikana asubuhi na jioni tu, na yule mkamwana apewe yale yasiyogusa heshima: dawa, chakula, kuhesabu mara za kuinuka. Kalenda ya kilimo nayo iheshimiwe. Msimu wa kupanda hakuna atakayebaki nyumbani kumsimamia mtu mazoezi saa tano asubuhi. Zoezi liwe alfajiri kabla ya jembe na usiku wakati chakula kiko motoni.

Kusema nako kuna mambo yake. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi kinachukua maneno pamoja na mkono wa kulia. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, na hata angekuwepo mmoja Njombe, angemhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Mzee wa Kibena au Kikinga aliyejifunza Kiswahili akiwa mkubwa anaweza kurudisha kwanza lugha ya mama yake, na akiulizwa kwa Kiswahili anaonekana amepungukiwa akili. Aulizwe kwa Kibena. Na asiyeweza kutamka jina la mkewe mara nyingine anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, maneno na yote, kwa sababu wimbo unapita njia nyingine kichwani. Watabibu wa Boston waliligeuza jambo hilo kuwa tiba tangu miaka ya 1970: mgonjwa anaanza na tuni, kisha sentensi fupi ya mahitaji, "naomba maji", inatiwa kwenye tuni hiyo, na tuni inaondolewa taratibu. Huu ni mkoa wa kwaya. Wale wanaokuja Jumapili kumwombea mgonjwa na kumwimbia wakiwa wamesimama, wangekaa, wakapunguza kasi, wakamwachia aanzishe yeye.

Wapo watakaosema haya yote ni bure kwa sababu familia itamkimbiza mgonjwa kwa mganga. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna watu wa Dar es Salaam na Hai wanavyokieleza kiharusi, na cha kushangaza ni kwamba habari za majini na uchawi zilisikika zaidi mjini kuliko kijijini. Kwa hiyo tusiwasingizie wanakijiji peke yao. Zaidi ya hapo, anayechua misuli kwa mafuta ya nyonyo hafanyi kosa kwa kuchua. Kosa ni chale, ni kuvuta bega, na ni kumwambia mgonjwa aache vidonge. Mchuaji akiambiwa wazi hayo matatu, anaweza kuwa mkono wa ziada ndani ya nyumba.

Hata hivyo sipendi tudanganyane kwamba familia inatosha. India walijaribu jambo hili kwa upana mkubwa. Katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja ndugu zao walifundishwa mazoezi ya kuendeleza nyumbani, jingine likapata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza, na asilimia 47 katika la pili. Ukilisoma hilo haraka utasema basi, mazoezi ya nyumbani hayana maana. Ninavyolisoma mimi, kumfundisha ndugu kisha ukamwacha hakumpunguzii mzigo aliokuwa nao. Anakosa mtu wa kumrekebisha zoezi linapobadilika, na anachoka. Wizara yoyote itakayotumia neno "jamii" kama njia ya kukwepa kuajiri wataalamu ijue kwamba jaribio hilo limeshafanyika.

Wataalamu wenyewe wanatoka wapi? Shule ya fiziotherapia ya hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiwatoa tangu miaka ya 1970, na siku hizi vyuo vimeongezeka. Wengi wanabaki katika miji mikubwa, na anayepangiwa mkoa kama Njombe anajikuta katika chumba kimoja, akihudumia waliovunjika kwa bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye maumivu ya mgongo, na wa kiharusi. Mara kwa mara wanakuja wageni kutoka Ulaya kujitolea kwa wiki chache. Baadhi wanaacha mafunzo mazuri. Wengine wanaacha mashine inayohitaji kipuri kutoka kwao. Wangeulizwa kabla hawajapanda ndege, watu wa huku wangeomba randa, misumeno na posho ya seremala.

Vidonge nimevitaja juu juu, lakini ndivyo vinavyozuia kiharusi cha pili, ambacho humkuta mtu aliyekuwa amebakiza kidogo amalizane na cha kwanza. Presha haiumi. Mtu anajisikia vizuri, anaacha dawa ili ibaki hela ya mbolea, na miezi inapita. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulisaidia wengi kufika zahanati, ingawa ukikuta dawa haipo, kadi haigeuki kidonge. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kuuliza swali ambalo wazee hawana chama cha kuwaulizia: je, ziara ya fiziotherapia nyumbani, fimbo na kile kiti cha choo vimo kwenye kitita? Ulanzi nao, ile pombe ya mianzi, wakati wa msimu wake, unakutana na presha kilabuni bila kusalimiana. Muuguzi anayekataza moja kwa moja hasikilizwi. Anayeuliza vikombe vingapi hupata jibu la kweli.

Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Hawa ndio warithi halali wa wale akina mama wa begi la VVU, na safari hii walipwe na nchi yenyewe. Marekani iliposimamisha misaada yake mapema mwaka 2025, programu nyingi za VVU zilitikisika kwa wiki chache tu za barua kutoka Washington. Katika mafunzo ya wahudumu hawa kuna mama na mtoto, lishe, kifua kikuu, malaria. Kuongeza kiharusi ni kuongeza kipimo cha presha na maswali machache ya kuuliza mlangoni. Amemeza dawa leo? Anapaliwa? Kuna wekundu kiunoni au kisiginoni? Ameinuka kitini mara ngapi jana? Anakwenda choo gani? Majibu mabaya yanapelekwa kwa mtaalamu kwa simu siku hiyohiyo.

Halmashauri zina fungu la asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Aliyepata kiharusi na kubaki na mkono mmoja ni mtu mwenye ulemavu, ingawa yeye mwenyewe hajiiti hivyo na hakuna aliyemwambia. Wanne au watano kama yeye, na seremala mmoja kati yao aliyepooza mkono lakini kichwa chake bado kinapima mbao, wanaweza kuwa karakana ya viti vya choo na fimbo kwa wilaya nzima.

Na mtaalamu wa fiziotherapia wa Makambako apewe pikipiki na mafuta. Mafuta ya wiki ni nafuu kuliko gari moja la kukodi la mgonjwa mmoja. Jumatatu Lyamkena, Jumanne Mahongole, Jumatano Kitandililo, akitanguliwa na mhudumu wa jamii ambaye ameshamwambia nyumba zipi zimekwama. Alhamisi na Ijumaa abaki hospitali kwa wanaoweza kufika wenyewe.